Sawa mwalimu: niliyojifunza nikifundisha kuosha miwani kwa simu

Miwani 22 ya kukinga macho hospitalini. Asubuhi ile niliipanga juu ya meza ya bati, nikawa naiinua moja moja kuelekea dirishani, na yote ilikuwa imepiga ukungu usiofutika. Mikanda yake ya mpira ukiivuta inakatika kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Hakuna aliyeikanyaga, hakuna aliyeiangusha. Niliiharibu mimi, kwa dawa ya klorini niliyochanganya kwa mikono yangu, tena kwa nia njema.

Nayaandika haya kwa ajili ya muuguzi ambaye kesho atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha kutakasia vifaa bila maelezo, na kwa yule atakayeambiwa awalee walimu wanafunzi kwa simu, bila maelezo vilevile. Mimi nilipewa yote mawili, moja baada ya jingine, na kote nikaharibu kwanza ndipo nikaelewa.

Naishi Makorora, Tanga mjini, na uuguzi niliuanza mwaka 2003. Hospitali sitaitaja, wala chuo. Waliomo bado ni wenzangu, na makosa mengi ninayoyasimulia ni yangu.

Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa Corona alipotangazwa nchini, nilikuwa wodi ya wazazi. Wiki chache baadaye nikahamishiwa nyuma, jirani na dobi, kwenye chumba chenye masinki mawili na dirisha moja. Nilidhani nimeshushwa. Kumbe wakati ule ndicho chumba kilichokuwa kinategemewa na wodi zote, maana vifaa vya kujikinga vilikuwa vimeadimika dunia nzima. Miwani na ngao za uso ambazo zamani tungezitupa, sasa ziliamriwa zioshwe zirudi kazini.

Nilichokijua kuhusu klorini ni kile tulichofundishwa chuoni: ndoo tatu kwenye mstari, ya kwanza dawa ya asilimia 0.5, ya pili maji ya sabuni, ya tatu maji safi. Dakika kumi kwenye ile ya kwanza. Kila muuguzi wa rika langu anaijua kama anavyojua Alhamdu. Hesabu yake tuliiimba, Jik ikiwa ni ile klorini ya maji ya chupa: Jik moja, maji sita, Jik moja, maji sita.

Kosa langu lilitokana na huruma. Mhudumu wa jioni alikuwa mmoja, kazi za watu watatu. Nikamwambia, “Dada, ukizidiwa usioshe, we tumbukiza tu kwenye dawa, asubuhi nitamalizia mwenyewe.” Akawa anatumbukiza saa kumi na mbili jioni, mimi natoa saa moja asubuhi. Saa kumi na tatu badala ya dakika kumi, kila siku, kwa wiki tano. Akilini mwangu dawa ikikaa zaidi inaua zaidi, kama nyama ikikaa zaidi jikoni inavyolainika zaidi. Sikujiuliza inaua nini. Klorini ikishamaliza kijidudu haipumziki. Inahamia kwenye mpira, kwenye plastiki, kwenye vichuma vya mikanda. Na hapa Tanga chuma tayari kina vita vyake na hewa ya chumvi.

Matroni hakupaza sauti. Aliichukua miwani moja, akaijaribu usoni, akaivua. “Sista, si ungeuliza?” Hilo tu, na barua ya maelezo kabla ya saa nane mchana. Ile “si ungeuliza” iliniuma kuliko barua. Ningemuuliza nani? Mimi ndiye niliyekuwa natakiwa kujua, na mtu anayetakiwa kujua ndiye mwenye taabu kubwa ya kuuliza. Shikilia hilo, nitalirudia.

Jibu lilikuwapo, tena lilikuwa limeandikwa mwaka uleule na Shirika la Afya Duniani: miwani na ngao za uso zioshwe kwanza kwa sabuni na maji, kisha klorini ya asilimia 0.1, zisuuzwe kwa maji safi. Au baada ya sabuni zifutwe kwa spiriti ya asilimia 70. Asilimia 0.1 ni moja ya tano ya ile niliyokuwa natumia. Ile kali ya 0.5 ni ya damu iliyomwagika na uchafu wa aina hiyo. Kwa Jik ya asilimia 3.5, kupata 0.1 ni kipimo kimoja cha dawa kwa maji vipimo 34. Sikuamini macho yangu. Nilikuwa naona maji yanayonusa kidogo hivyo hayawezi kuua kitu.

Basi nikajifunza, na baada ya mwaka mmoja nikawa mjuzi. Kujiona mjuzi ndiko kulikoniletea kosa la pili.

Februari 2022 nilipigiwa simu. Chuo kimoja kilikuwa kinatafuta wauguzi wazoefu wa kuwalea kwa mtandao wenzao waliokuwa wanasomea ualimu wa vyuo vya afya. Walikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, kila mmoja na darasa lake la vijana wa uuguzi, na nauli ya kumtuma msimamizi akawafikie wote haikuwapo. Nilipewa sita. Malipo ni bando la wiki, nalo lilikuja mara mbili kisha likasahaulika. Somo langu: namna ya kufundisha utakasaji wa vifaa vya kujikinga vinavyotumika tena. Nilikubali upesi. Nina kisa cha miwani 22, nani atanishinda?

Namba zao nilizihifadhi kwa jina la kwao, si mahali walipokuwa wanafanyia mafunzo: Mlalo, Maramba, Mombo, Mkata, Songe, Kipumbwi. Mpaka leo nikiona basi limeandikwa Mombo namkumbuka yule kijana kabla ya mji wenyewe.

Nikafungua kundi la WhatsApp, nikaanza kufundisha. Nilikuwa natoka kazini, napika, watoto wanalala, kisha naketi barazani na kikombe cha kahawa narekodi. Ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Wa dakika kumi na mbili. Nilikuwa nasikia raha na sauti yangu mwenyewe, nisiseme uongo. Nikituma, baada ya muda zinashuka: “Sawa mwalimu.” “Sawa mwalimu, asante.” “Tumekupata mwalimu.” Kijidole gumba. “Sawa.” Songe, ambaye alikuwa mtu mzima kunizidi, anaandika “Shukrani sana.” Nikiamka asubuhi nahesabu sawa sita, naona kazi imekwenda.

Kwetu “sawa” si lazima iwe jibu la swali. Ni adabu. Mtu aliyekuzidi akikueleza jambo, unasema sawa kumheshimu, hata kama kichwani hakuna kilichobaki. Darasani nisingedanganyika, ningeona macho. Kwenye simu macho hayapo, kuna tiki mbili za bluu tu. Baadaye kabisa Maramba alinikiri kuwa zile sauti ndefu alikuwa anazibonyeza zisikike huku anafua, ili tiki zigeuke bluu nisione vibaya. Sikukasirika. Ujumbe wa dakika kumi na mbili unakula bando, na mtu mwenye bando la kubana hatarudia kuusikiliza mara ya pili hata kama hakuelewa ya kwanza.

Wiki ya nne, masika yameanza, Mombo akaniandikia inboksi: “Shikamoo mwalimu. Samahani, umeongea na Kipumbwi?” Sikuwa nimeongea naye. Kipumbwi alikuwa mdogo kuliko wote, mchangamfu, wa kwanza kuandika sawa. Nikampigia. Hakupokea. Nikampigia tena jioni, akapokea akiwa analia tayari.

Siku nne kabla ya hapo alikuwa amefundisha kuchanganya dawa mbele ya darasa. Stoo hakukuwa na dawa ya maji. Alipewa kopo la poda. Yeye alikuwa na wimbo wangu kichwani. Akachota kikombe kimoja cha poda kwenye ndoo, akamimina juu yake vikombe sita vya maji. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa mvua. Poda ile ina klorini asilimia 65 hadi 70, wakati Jik ina 3.5, alichokipata kilikuwa kikali zaidi ya mara kumi ya kilichokusudiwa, na kumwagia maji juu ya poda ndiko kuichokoza. Darasa lilitoka mbio, watu wanakohoa, macho yanachuruzika. Mwanafunzi mmoja mwenye pumu alibanwa, ikabidi apewe dawa ya kuvuta. Kufikia jioni wote walikuwa salama, lakini yeye alikuwa ameshaambiwa maneno mbele ya watu, na kwenye kundi letu siku zote nne alikuwa anaandika “Sawa mwalimu.”

Nilianza kumfokea kwa kunificha. Mficha uchi hazai, nikamwambia, na mengine ambayo sitayarudia hapa. Akaniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, “Mwalimu, lakini wewe ulisema moja kwa sita.”

Nilisema. Nilisema mara nyingi, kwa sauti nzuri, nikiwa na kahawa mkononi. Sikuwahi kusema moja ya nini. Kwangu mimi “moja” ilikuwa na chupa yake, na lebo yake, na harufu yake, imekaa rafu ya kushoto. Kwake yeye ilikuwa namba tu.

Usiku ule sikulala. Nilisikia mvua ikipiga bati na nikawa namfikiria yule mtoto wa pumu ambaye simjui hata sura. Miwani niliiharibu nikiwa palepale, naigusa. Hili lilitendeka mbali, kwa sauti yangu, na mimi nisingelijua kamwe kama Mombo asingekuwa na moyo wa kusema.

Kesho yake nilifuta zile sauti zote. Nikaandika kwenye kundi kwamba kosa la Kipumbwi ni langu, nikaeleza lilivyotokea (kwa ruhusa yake), na nikaeleza ya miwani 22 kwa mara ya kwanza jinsi yalivyokuwa, na barua ya maelezo ikiwamo. Kabla ya hapo nilikuwa naisimulia kama kisa cha mtu fulani. Ndani ya saa moja Mkata akaandika kuwa galoni anayotumia haina lebo, ilijazwa tena kutoka pipa kubwa, na hajui nguvu yake. Songe akaandika kuwa dawa yake huikoroga Jumatatu akaitumia hadi Ijumaa. Maramba akauliza kama glavu nyepesi za uchunguzi zinaoshwa zikarudiwa. Hazioshwi, ni za kutupwa; zinazooshwa ni zile nzito za mpira za usafi. Maswali haya yalikuwapo wiki zote nne, yamekaa chini ya sawa. Wao nao, kama mimi mbele ya matroni, walikuwa wanatakiwa kujua, wakaona taabu kuuliza.

Tukaanza upya, na hapa nitaeleza tulivyofanya, kwa anayetaka kuiga.

Wimbo niliutupa, nikaweka hesabu. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, igawe kwa asilimia unayoitaka, toa moja; kilichobaki ni vipimo vya maji kwa kipimo kimoja cha dawa. Chupa ya 3.5 ukitaka 0.5: saba, toa moja, sita. Chupa ya 5: kumi, toa moja, tisa. Kwa hiyo mwenye chupa ya 5 akiimba “moja kwa sita” anapata dawa kali kuliko inayotakiwa, na mwenye chupa iliyokaa juani miezi mitatu anapata maji ya kunawia miguu, kwa sababu klorini huisha nguvu kwa joto na mwanga. Poda ina njia yake, ya mizani: asilimia unayoitaka igawe kwa asilimia ya poda, zidisha kwa elfu moja, unapata gramu kwa lita. Poda ya 70 kupata 0.5 ni gramu 7 na kidogo kwa lita. Ya 65 ni karibu gramu 7.7. Maji yanatangulia ndooni, poda inafuata, nje penye upepo, miwani na glavu ukiwa umevaa. Barakoa ya kawaida haizuii mvuke wa klorini. Mimi nilijidanganya nayo mwaka mzima na kikohozi changu cha asubuhi kilinijibu.

Nikaacha kuuliza “mmeelewa?” Nikawa nauliza, “Ndoo ya lita 10, poda ya 65, nataka 0.5, gramu ngapi?” Anayejibu 77 amesoma, anayejibu sawa anajulikana. Na kila Jumatano, kabla ya kipindi, kila mmoja anatuma picha mbili: lebo ya chupa au kopo, na ndoo iliyobandikwa karatasi yenye nguvu ya dawa, tarehe na saa. Baadaye video, dakika moja isizidi, ya mikono ikifanya kazi. Uso sihitaji. Katika video ya kwanza ya Mlalo niliona jambo ambalo maneno yasingelileta: alikuwa anachukua miwani iliyolowa maji ya kusuuzia, anaitumbukiza kwenye dawa na maji yake yote, miwani 30 mfululizo. Ndoo ikawa inajaa na dawa inapungua nguvu kila mara. Ikung’ute kwanza, mwanangu. Yeye mwenyewe alishtuka alipoitazama upya.

Mgonjwa asionekane kwenye picha. Nililazimika kulisema baada ya Mkata kutuma ndoo safi kabisa, na nyuma yake mama amelala kitandani. Nikamwomba aifute, nami nikaifuta, na wote wakaifuta kwenye simu zao. Ndoo ipigwe picha ikiwa imegeukia ukuta.

Kuhusu Songe nilihitaji busara ambayo hakuna mwongozo utakaokupa. Nilikuwa namwanza kwa shikamoo, ananijibu marahaba mdogo wangu. Sasa nimwambie mbele ya vijana kwamba dawa ya Jumatatu haifai Jumanne? Ilipobidi, nilimpigia, nikamwomba anisaidie: nina vijana wanaokoroga dawa ya wiki nzima, yeye kama mkubwa awaeleze kuwa dawa hukorogwa kila siku, na kabla ya hapo ikichafuka. Akacheka, alijua. Siku ya pili akaandika kwenye kundi maelezo marefu kuliko yangu, na picha ya ndoo mpya. Mkubwa hapotezi kitu, somo limefika. Wanaopenda kusahihisha watu hadharani kwa herufi kubwa wajaribu njia hii.

Mlalo ndiye aliyenipa mtihani wa mwisho. Siku moja aliandika kwenye kundi: “Mwalimu, mbona nimesoma kwamba vifaa havitakiwi kulowekwa kwenye klorini kabla ya kuoshwa?” Mimi na ndoo zangu tatu! Nikamjibu kwa ukali kwamba utaratibu huo umeokoa maisha kabla hajazaliwa. Kundi likanyamaza. Hata sawa haikuja.

Usiku nikaenda kusoma ili nimwonyeshe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu utakasaji wa vifaa tiba unasema hivyohivyo: usiloweke vifaa kwenye dawa kabla ya kuvisafisha. Dawa hula chuma. Damu na uchafu huidhoofisha dawa. Na muuguzi anapata imani kuwa kitu kimeshakuwa salama wakati hakijawa. Uchafu hutoka kwa sabuni, maji na mkono. Dawa huja juu ya kitu kilicho safi. Nikakumbuka kwamba hata ule mwongozo wa miwani wa 2020 ulianza na sabuni. Nilikuwa nimeufuata kwa miwani bila kujiuliza kwa nini umepindua ndoo zangu. Asubuhi nikamwomba radhi palepale kwenye kundi, penye macho yale yale yaliyoona ukali wangu. Palikuwa pagumu. Mlalo akajibu, “Hamna shida mwalimu,” na kwa mara ya kwanza sikumwamini. Nikampigia.

Niseme kidogo kuhusu kukausha, maana vitabu vingi vinalipita kwa sentensi moja na kwetu pwani ndiko kazi iliko. Kifaa kilicholowa hakijakamilika. Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi, joto linakausha vitu ukigeuza mgongo. Masika yakija na kusi, gambuti linaweza kukaa siku mbili na unyevu kidoleni. Tulizipanga gambuti kichwa chini juu ya vigingi, si juu ya sakafu, na kabla ya kuzitoa tunaingiza mkono mkavu hadi mbele kabisa. Ukihisi ubaridi, zinarudi. Aproni za plastiki nzito na miwani tunaanika kivulini penye upepo, jua la hapa linazikausha hadi zinapasuka. Gauni za pamba ndizo zinazopelekwa juani: zinalowekwa kwenye maji ya moto yenye sabuni kwenye pipa, zinakorogwa kwa mti bila kurusha matone, kisha klorini ya 0.05 kwa dakika 30, zinasuuzwa, zinakaushwa juani zikauke kweli. Kama ipo mashine, maji ya nyuzi 60 hadi 90 na sabuni yanatosha.

Barakoa za N95 waacheni. Nimeona mtu akiifua kwa sabuni, mwingine akiipulizia spiriti. Kinachokamata vijidudu ndani yake si matundu madogo peke yake, ni chaji ya umeme iliyo kwenye nyuzi, na spiriti inaiondoa. Inarudi usoni ikiwa ileile kwa sura na kazi imekwisha.

Na ndimu. Mhudumu wetu mmoja, akichukia harufu, alitaka kukamua ndimu kwenye ndoo kama anavyowafanyia samaki. Nilimshika mkono. Asidi ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu. Siki ni vilevile, na sabuni ya kusafishia choo yenye asidi ndiyo mbaya zaidi kwa sababu hukaa rafu moja na Jik. Tenganisheni rafu.

Gharama zangu: bando, kama elfu tatu kwa wiki kwa miezi mitano, mfukoni mwangu. Mikono iliyopasuka. Sare mbili zenye madoa meupe, na kanga moja niliyoipenda ambayo jina lake limeliwa katikati, sasa inasomeka nusu ya msemo na watu wanamalizia wanavyotaka. Na usiku. Mume wangu alianza kuwaita wale sita wake wenza. Nikaweka sheria: baada ya saa tatu usiku simu inalala, mwenye dharura apige. Ningeiweka wiki ya kwanza.

Mafunzo yao yalikwisha Julai, kundi likasinzia. Tarehe 21 Machi 2023 ilipotangazwa kuwa ugonjwa uliozuka Kagera ni Marburg, homa ya virusi ya jamii moja na Ebola, likaamka usiku huohuo. Hakuna aliyesema sawa. Mkata aliuliza kama ni kweli mtu apuliziwe klorini mwilini anapotoka kwa mgonjwa. Hapana, watu hawapuliziwi, inaumiza macho na mapafu. Maramba akatuma picha ya gambuti. Na Kipumbwi, ambaye wakati huo alikuwa ameajiriwa, akawatumia wote hesabu ya poda ya kupata 0.5 kwa lita 20 akiwa ameifanya kwa kopo la 65 na la 70, gramu 154 na gramu 143, na chini ameandika: maji kwanza, madirisha wazi.

Mwezi uliopita stoo yetu iliniletea galoni tano za dawa. Nne zina lebo. Ya tano lebo imebanduka, imebaki gundi na kipande cheupe kona moja. Nikamwambia mtunza stoo siichukui. “Ni ileile ya siku zote sista, mbona unanisumbua, nimeitoa pipa moja na wenzake.” Nikamuuliza pipa lilikuwa limeandikwa ngapi. Akasema sawa, atakwenda kuangalia. Nikambebesha galoni lake, nikasaini nne. Hajarudi na namba, na tangu siku hiyo salamu zangu anaziitikia kwa kidevu.